Lango la Pili la Kambi

Siku ya kuandikisha makurutu, uwanja wa Masinde Muliro pale Kanduyi hujaa kabla jua halijachomoza. Vijana wametoka Chwele, Sirisia, Kimilili na Tongaren. Wengine walilala kwa jamaa mjini Bungoma ili wasichelewe. Wamebeba vyeti katika bahasha za kaki na kuvaa raba za kuazima. Kule Kitale hali ni ileile. Wanapimwa kimo, na asiyefika mita 1.60 anasogezwa kando. Wanapimwa uzito. Wanafumbuliwa midomo, meno yanakaguliwa. Wanakimbia. Ikifika jioni, wachache wana barua mkononi, na umati uliobaki unarudi barabarani, vumbi la uwanja likiwa bado miguuni.

Nimewatazama wakirudi. Kijana aliyekosa kwa sentimita mbili hutembea kama mtu aliyesomewa hukumu. Mama aliuza debe la mahindi ili apate nauli. Mjomba alikwisha kuwatangazia majirani. Sasa anarudi na bahasha ileile aliyotoka nayo, akiamini kwamba jeshi lina lango moja tu, na kwamba lango hilo limefungwa hadi mwaka mwingine.

Makala haya nimemwandikia kijana huyo, na dada yake pia. Nataka wajue kwamba kambi ina lango la pili, nalo liko upande wa karakana. Kwa sasa liko wazi kidogo tu, upana wa mtu mmoja kupita ubavu. Kulisukuma mpaka lifunguke kabisa ni kazi yao kwa mikono na ni kazi yetu kwa sauti.

Nyuma ya kila askari yuko fundi

Lori la jeshi likizimika katika mchanga wa Somalia, ambako wanajeshi wetu waliingia Oktoba 2011, bunduki haiwezi kuliwasha. Anayeliwasha ni mekanika. Kisima cha kambi kikikauka, anayeokoa siku ni fundi wa pampu. Askari hali amri. Hula ugali uliopikwa na mpishi, hulala katika jengo lililojengwa na mwashi, husikia sauti ya mkubwa wake kupitia redio iliyotengenezwa na fundi wa umeme. Ondoa mafundi kwa wiki moja, na jeshi lote litasimama kama trekta lisilo na dizeli.

Jeshi lenyewe linalijua hilo. Linapotangaza nafasi, pamoja na makurutu wa kawaida hutafuta mafundi wenye vyeti: welda, seremala, fundi bomba, fundi umeme, mwashi, mekanika, mpishi. Mbali na hao wanaovaa sare, Wizara ya Ulinzi ina watumishi raia: makarani, watunza stoo, wahudumu wa afya, madereva, mafundi wa kila aina. Hao hawapigi paredi, lakini bila wao paredi haipigwi.

Shida iko hapa. Matangazo hayo humtaka mtu ambaye tayari ni fundi. Cheti awe nacho, ujuzi awe nao. Ni nani atakayemfikisha hapo kijana wa Matisi, pale Kitale, aliyemaliza sekondari na hana karo ya chuo? Mwenye shahada anao mpango wa Tume ya Utumishi wa Umma unaompa miezi 12 ya kujifunza kazi katika ofisi za serikali huku akilipwa posho. Mwenye cheti cha ufundi hupata miezi michache ya mafunzo ya nyanjani, mara nyingi bila malipo, kisha anashukuriwa na kuonyeshwa njia. Asiye na cheti huachwa nyuma zaidi.

Pengo hilo lina dawa ya zamani kuliko shule: uanagenzi. Kijana anakaa chini ya fundi, anaifanya kazi yenyewe, analipwa posho ya kumfikisha mwisho wa mwezi, na mwishoni anapewa cheti kinachoheshimika nchi nzima. Uanagenzi ndio ninaotaka tuudai katika kambi na viwanda vya ulinzi, kwa idadi kubwa na kwa utaratibu wa wazi.

Karakana hizo ziko karibu kuliko tunavyodhani

Huenda mtu akafikiri naota. Basi tuhesabu.

Kutoka Kitale hadi Eldoret ni kama kilomita 70, safari ya matatu moja. Eldoret ndiko kuliko na shule ya mafunzo ya makurutu, na ndiko lilikoanzishwa Shirika la Kenya Ordnance Factories mwaka 1997 ili taifa lijitengenezee risasi. Kiwanda cha namna hiyo hakiendeshwi na watu wa kubonyeza vitufe tu. Kinahitaji mikono inayojua kukereza chuma, kupima kwa vipimo vya chini ya milimita, kunoa vikataji na kurekebisha mashine iliyoanza kupiga kelele isiyo yake. Aprili 2021 taifa liliongeza hatua nyingine: kiwanda cha silaha ndogo kilifunguliwa Ruiru, kikiwa na uwezo wa kutengeneza bunduki 12,000 kwa mwaka.

Geuza uso uelekee Kisumu. Meli ya MV Uhuru, iliyokuwa imekaa miaka mingi bila kazi, ilifufuliwa mwaka 2019 kwa mikono ya wanajeshi na wafanyakazi wa reli. Mwaka 2020 ikaundwa Kenya Shipyards chini ya Wizara ya Ulinzi, na katika ufuo huohuo wa Ziwa Victoria ikajengwa MV Uhuru II, meli yenye urefu wa mita 100. Walikuwapo washirika kutoka Uholanzi, ndiyo. Lakini meli haiungwi kwa maneno ya washirika. Inaungwa kwa welda aliyelala chali chini ya bamba la chuma, cheche zikimwangukia, akijua kwamba mshono mmoja uliolegea utaingiza ziwa lote ndani.

Reli ya kwenda Nanyuki nayo ilifufuliwa mwaka 2020 na wanajeshi wakishirikiana na Shirika la Huduma ya Vijana kwa Taifa. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1964, na tangu hapo limeonyesha kwamba gwaride na ufundi vinaweza kukaa katika kijana mmoja: asubuhi anajifunza nidhamu, kisha anajifunza kazi. Kwa hiyo mbegu ipo. Kinachokosekana ni kuipanda katika shamba pana.

Ng'ambo ya mpaka nako wameanza kitambo. Tanzania ilianzisha Jeshi la Kujenga Taifa Julai 10, 1963, na hadi leo vijana wa huko hujifunza ufundi, kilimo na ujenzi ndani yake. Kibaha kuna Nyumbu, kituo cha Wizara ya Ulinzi ambacho kimeunda malori na zana za kilimo. Uingereza, nchi iliyotuachia mfumo wetu wa kijeshi, jeshi lake ni miongoni mwa waajiri wanaofunza wanagenzi wengi kuliko wote nchini humo. Kama tulirithi saluti yao, hakuna kinachotuzuia kuchukua na karakana zao.

Tulikuwa na shule, zikafungwa

Watu wa Bungoma wana haki ya pekee ya kulidai jambo hili, kwa sababu tunajua kilichopotea. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kiliifanya Webuye kuwa mji. Ndani ya uzio wake kulikuwa na mafundi wa boila, wa mota, wa mabomba, wa mashine kubwa kubwa, na kila fundi mzee alikuwa na kijana pembeni akimshikia taa. Kilipofungwa mwaka 2009, tulihesabu mishahara iliyopotea. Hatukuhesabu taa zile. Fundi akienda nyumbani bila mwanagenzi, anaondoka na maktaba nzima kichwani. Na kila mara mitambo ya kiwanda cha sukari cha Nzoia inaponyamaza, ukurasa mwingine unang'oka.

Ujuzi uliobaki umehamia kwenye vibanda vya jua kali. Nenda Kitale msimu wa mavuno uone. Trans Nzoia ni ghala la mahindi la nchi. Trekta likifa shambani Endebess, mashine ya kupukuchua ikikwama Kiminini, anayeitwa ni kijana mwenye ovaroli iliyoloa oili, ambaye hana cheti hata kimoja. Anasikiliza injini jinsi daktari anavyosikiliza kifua, kisha anataja ugonjwa. Kijana huyo akisimama mbele ya meza ya uandikishaji wa mafundi, ataulizwa karatasi, na kwa kuwa hana karatasi atarudishwa. Taifa limemwacha fundi mlangoni.

Mlima unakumbuka

Kuna sababu nyingine, na ni nzito. Ukisimama Kimilili asubuhi isiyo na mawingu unauona Mlima Elgon, na mlima huo unakumbuka. Kuanzia mwaka 2006 vijana wa Cheptais na maeneo ya jirani waliingizwa, wengine kwa kushawishiwa na wengine kwa nguvu, katika kundi la wapiganaji lililozuka kutokana na ugomvi wa ardhi ya Chebyuk. Mamia ya watu waliuawa, maelfu wakahama makwao. Machi 2008 jeshi lilitumwa kwa operesheni iliyoitwa Okoa Maisha. Kundi lilivunjwa, lakini mashirika ya haki za binadamu yaliandika pia juu ya mateso na watu waliotoweka mikononi mwa vyombo vya dola. Ziko familia ambazo mpaka leo zikiona sare ya kijani, moyo unaruka.

Sitaji haya ili kutonesha kidonda. Nayataja kwa sababu yanatufunza jambo: kijana asiye na fundi wa kumfuata atamfuata yeyote. Wale waliowapa watoto wetu bunduki msituni waliwapa pia kile tulichowanyima: kazi ya kufanya, mkubwa wa kumtii na wenzao wa kutembea nao. Uanagenzi hutoa vyote vitatu mchana kweupe, na mwishoni hutoa cheti badala ya kaburi.

Na siku kijana wa Cheptais atakapoingia kambini akiwa na kisanduku cha vifaa, akamkuta sajini anayemfundisha kurekebisha breki, kitu kitapona ambacho hotuba haziwezi kukiponya. Mama yake ataisikia sare ikizungumzwa mezani kwa namna nyingine.

Aliyekataliwa kwa kimo

Rudi kwangu sasa, wewe uliyekosa kwa sentimita mbili. Nikuhadithie habari ya Frank Whittle.

Alikuwa mtoto wa mekanika aliyekuwa na karakana ndogo katika mji wa Leamington, Uingereza. Tuseme jua kali ya huko. Alijifunza mashine akimsaidia babake. Alipojaribu kuingia jeshi la anga kama mwanagenzi, alifaulu mtihani wa maandishi lakini akakataliwa kwenye vipimo vya mwili: alikuwa mfupi mno. Akaenda akafanya mazoezi, akala vizuri, akaongezeka kimo. Akarudi, akakataliwa tena. Akaomba tena kana kwamba hawajamwona kabisa, na mwaka 1923 akapokelewa Cranwell kama mwanagenzi wa kutengeneza ndege.

Kutoka benchi hilo la mafundi alichaguliwa kuwa ofisa mwanafunzi. Mwaka 1930, akiwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu, aliomba hataza ya injini ya ndege ya aina mpya kabisa. Mei 15, 1941, ndege yenye injini yake ilipaa palepale Cranwell, uwanja uleule alioingia akiwa mwanagenzi. Kila ndege ya jeti inayopita juu ya Mlima Elgon usiku, ile taa unayoifuata kwa macho, ina deni kwa kijana aliyeambiwa kwamba ni mfupi mno.

Tazama alichofanya. Mlango mmoja ulipomkataa, hakuketi kizingitini. Alirudi na mikono yake. Na mlango uliompokea mwishowe ulikuwa mlango wa karakana.

Na kama wewe ni msichana, kuna aliyekutangulia nyumbani hapahapa. Fatuma Ahmed alipandishwa cheo kuwa Meja Jenerali mwaka 2018, mwanamke wa kwanza nchini Kenya kufika hapo, na mwaka 2024 akakabidhiwa uongozi wa jeshi letu la anga. Asikwambie mtu kwamba spana haina sura ya kike.

Tunachodai

Kwa viongozi wa kaunti za Bungoma na Trans Nzoia, kwa wabunge wetu, na kwa wakubwa wa Wizara ya Ulinzi, nina madai manne, na yote yanawezekana.

La kwanza: kila karakana ya jeshi, kila kiwanda na kila stoo ya wizara itenge nafasi za wanagenzi kila mwaka, itangaze idadi yake, na iandikishe mikataba chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Sheria ipo. Mikataba ya uanagenzi ipo. Waajiri hulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi kwa ajili ya mafunzo ya viwandani. Hatuombi kubuniwa gurudumu. Tunaomba gari liwashwe.

La pili: posho. Kijana wa mtaa wa Kipsongo, Kitale, hawezi kujifunza akiwa na njaa. Aliyelipiwa nauli na chakula hufika kazini, na anayefika kazini hujifunza.

La tatu: ujuzi wa jua kali upimwe na utambuliwe. Weka injini mezani, mpe spana, mtazame. Akiwasha, mpe cheti. Mikono haisemi uongo.

La nne: milango iwe ya kioo. Kila mwaka tunasikia wazazi waliouza ng'ombe kumlipa tapeli, na vijana waliofika Eldoret na barua za bandia wakaishia korokoroni badala ya kambini. Kuandikishwa jeshini hakulipiwi. Orodha za wanagenzi zibandikwe hadharani, katika vituo vya kaunti ndogo na katika vyuo, kila mtu azisome. Tapeli hustawi gizani.

Tena hatuombi hisani. Ibara ya 55 ya Katiba inaitaka serikali ichukue hatua ili vijana wapate elimu na mafunzo yanayofaa na wapate ajira. Neno hilo lilipitishwa na wananchi mwaka 2010. Tunachofanya ni kukumbusha deni.

Unachofanya kesho

Lakini usingoje deni lilipwe ndipo uanze kuishi.

Kesho asubuhi nenda kwa fundi. Si lazima awe mkubwa. Awe mwaminifu na awe na kazi. Mwamkie kwa heshima, mwambie, "Fundi, nataka kujifunza." Siku za kwanza atakutuma maji na kukufagilisha. Fagia. Huku unafagia, jua jina la kila kifaa unachokiokota sakafuni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Baada ya miezi kadhaa jiandikishe kwa mtihani wa ufundi wa NITA, gredi ya tatu. Mtihani huo unaitazama mikono yako. Ukiupita, lenga gredi ya pili, kisha ya kwanza. Ukiweza kupata nafasi katika Kitale National Polytechnic, au Sang'alo, au Matili, au Kisiwa, au chuo cha ufundi cha kaunti kilicho karibu nawe, ingia. Uliza mikopo, uliza basari, uliza tena. Weka daftari: andika kila kazi uliyoifanya, tarehe na jina la mwenye gari au mtambo. Siku utakayoketi mbele ya meza ya uandikishaji, daftari hilo litasema wakati ulimi wako unapotetemeka.

Na endelea kukimbia. Amka saa kumi na moja, panda kilima cha Chetambe ambako wazee wetu walisimama dhidi ya bunduki za Waingereza mwaka 1895, na ushuke ukiwa umeloa jasho. Mwili wenye nguvu na mikono yenye ujuzi havigombani.

Sisi tuliolelewa Bungoma tunajua siri ya siku kubwa. Agosti ya mwaka wa shufwa inapokaribia, mtahiriwa wa Kibukusu huzunguka kwa jamaa akipiga njuga za chuma, chinyimba, kazi ya mhunzi. Wiki nzima anaimba, anatembea, anajikaza. Siku ya kisu ni moja, nayo hupita upesi. Kinachomfanya asimame bila kupepesa jicho ni siku zote zilizotangulia. Tazama vizuri: hata safari hiyo ya kuwa mtu mzima huanzia kwa fundi wa chuma.

Uwanja wa Kanduyi nao ni siku moja. Nenda, jaribu, na Mungu akujalie. Ukipata, nenda ukalitumikie taifa kwa heshima. Ukikosa, usirudi na bahasha tupu. Rudi na ovaroli. Umri wa kuwa kurutu una kikomo, lakini ujuzi hauzeeki. Fundi wa miaka 30 anatafutwa kuliko alivyotafutwa akiwa na miaka 20, na jeshi, kiwanda, reli na shamba vyote vinampigia simu.

Ipo siku gari la kijeshi litasimama barabarani kati ya Kitale na Kiminini, boneti imefunguliwa, askari wameduwaa. Atatokea mtu mfupi mwenye kisanduku cha vifaa, yule aliyewahi kusogezwa kando uwanjani. Atainama, atasikiliza, atakaza nati moja, na injini itaunguruma. Nataka siku hiyo wakimuuliza alijifunzia wapi, ajibu kwamba alijifunzia kwenu, ndani ya kambi, kwa lango la pili.

Karakana hufunguliwa saa moja asubuhi. Uwe wa kwanza kufika.